Kivuli cha Mgunga Majini

Kosa nililolitenda darasani lilikuwa dogo kwa wino, kubwa kwa maana. Niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi la kueleza picha kwa sentensi moja. Mmoja wao, binti anayependa kupiga picha, alileta picha ya Ziwa Naivasha alfajiri: ukungu umetanda, na mti umesimama majini pamoja na sura yake iliyopinduka. Chini yake ameandika, "Hiki ni kivuli cha mgunga majini." Nikalikata neno "kivuli" kwa kalamu nyekundu, nikaandika "akisi", nikampunguzia alama mbili.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwetu sisi husema kivuli. Hiyo akisi inatofautianaje nacho?"

Nilimjibu kwa maneno ya kamusi. Hakutosheka, wala mimi sikutosheka. Aghalabu sisi walimu wa lugha huwasahihishia wanafunzi majina ya vitu ambavyo wenyewe hatujavitazama.

Jumamosi iliyofuata niliazima kamera, nikafika ukingoni mwa ziwa hilo kabla ya jua kuchomoza. Usiku usio na mawingu nchi kavu hupoteza joto upesi, ilhali maji hubaki na vuguvugu la jana. Hewa baridi inapopita juu ya maji hayo, mvuke hugeuka kuwa matone madogo mno. Ndio ukungu ule unaofuka mithili ya moshi. Jua likipanda, hutoweka. Upepo nao ukivuma kidogo tu, uso wa maji huvurugika na sura zote zikapotea. Katika muda huo mfupi, mimi nilikuwa nikihangaika kutafuta kitufe.

Migunga mingi iliyosimama majini imekauka. Ziwa liliifuata lilipofurika, hasa mwaka wa 2020, likawahamisha na watu pia. Sikujua iwapo nistaajabie uzuri ule au niusikitikie.

Nilipotulia nikaanza kuona. Sura ya mti majini ilikuwa na weusi kidogo kuliko mti wenyewe, maana maji hayarudishi mwanga wote: ukiyatazama wima hurudisha takriban asilimia 2 tu, na kadiri unavyoyatazama kwa mshazari ndivyo yanavyorudisha zaidi. Tena haikuwa nakala. Majini niliuona upande wa chini wa tawi ambao kwa kulitazama tawi lenyewe sikuuona, kana kwamba kamera ilikuwa imezama chini ya maji kwa kipimo kile kile ilichoinuka juu yake. Kisha jua likachomoza, na kivuli cha mti ule ule kikalala juu ya maji yenye tope, kikielekea kwingine kabisa. Mti mmoja, vitu viwili! Kivuli ni pale mwanga ulipozuiwa. Akisi ni mwanga uliorudi.

Neno lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, ambako *aks* ni kinyume, kitu kilichopinduliwa. Waajemi nao walilichukua, na leo kwao *aks* ni picha ya kamera. Kumbe binti yule alikuwa ameniletea akisi ya akisi.

Hivyo sahihisho langu nalitetea hata sasa. Lakini anayetumia "kivuli" kwa vyote viwili hajaivunja lugha. Ametumia neno pana mahali palipokuwa na neno jembamba ambalo hakuna aliyemfundisha. Alama mbili zile sikuwa na haki ya kuzikata, nami nilimrudishia mbele ya wenzake.

Nikamwonyesha na picha zangu. Ukungu uliokuwa mweupe pepepe ulitoka wa kijivu kama jivu la jikoni. Alizipitia moja moja bila kucheka, kwa adabu.

"Mwalimu, kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu kina weupe wa wastani," akasema. "Penye ukungu ungeongeza mwanga kidogo."

Kisha akaniomba kalamu nyekundu.