Mgeni Akiuliza Kanisa Liko Wapi

Ninyi wa Makongeni na Kaloleni, ninyi wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, na ninyi mnaotusikiliza ndani ya matatu pale barabara ya Jogoo magari yasiposogea, karibuni tena katika mazungumzo yetu.

Neno letu la leo limo katika kitabu cha nabii Habakuki, sura ya 2, mstari wa 2. Ulifungue nyumbani ulisome lote. Hapo Bwana anamwagiza nabii aiandike njozi aliyopewa, tena aiweke wazi katika vibao, msomaji asikwame. Ujumbe nabii alikuwa nao tayari. Lililobaki lilikuwa kazi ya mikono: kutafuta kibao, kuchagua mahali, na kuandika herufi zinazosomeka.

Wazee wetu waliifahamu kazi hiyo. Walipojenga kanisa walisimamisha kibao langoni, wakaandika jina la kanisa na saa za ibada, na kila mwaka wakakipaka rangi upya. Mgeni aliyeshuka kwenye basi alikiona. Siku hizi mgeni huyo huiuliza simu yake kabla hajatoka chumbani. Tuseme ni binti aliyetoka Vihiga, amepata kazi Industrial Area, amepanga chumba Umoja. Ni Jumamosi usiku, hamjui mtu hata mmoja katika jumba lile la ghorofa saba. Anaandika katika simu: kanisa karibu nami, Umoja. Je, ndugu, jina la kanisa lenu latokea?

Wengi watajibu kwamba wanayo tovuti. Ni kweli. Machi 2020, milango ya makanisa ilipofungwa kwa ajili ya korona, na hata Julai mwaka ule ilipofunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja tu, makanisa mengi ya mtaani yalikimbilia mtandao. Tovuti zilijengwa kwa haraka, nyingi na vijana wetu wenyewe, nao twawashukuru. Lakini kuwa na tovuti ni jambo moja, na tovuti kuonekana ni jambo lingine.

Basi tueleze kidogo jinsi mambo yalivyo. Mtambo wa kutafutia unaotumiwa zaidi kwetu ni Google, ulioanzishwa Marekani mwaka 1998 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na ambao una ofisi hapa Nairobi tangu mwaka 2007. Watu hudhani kwamba ukiuliza neno, mtambo hutoka saa ileile kuzunguka dunia. Sivyo. Mnaijua ile orodha ya maneno iliyo nyuma ya Biblia nyingine? Ukitaka kujua neno neema liko wapi, husomi kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo; watazama orodha. Mtambo nao una programu zinazotembea usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikisoma maneno na kuyaandika katika daftari kubwa. Mtu akiuliza, daftari hilo ndilo linalofunguliwa. Ukurasa usioandikwa humo, kwa mtambo ni kama haupo.

Kwa nini tovuti ya kanisa ikose kuandikwa? Sababu moja yachekesha kama isingekuwa ya kusikitisha. Tovuti nyingi hujengwa kwa programu iitwayo WordPress, ambayo ina kisanduku kidogo cha kuiomba mitambo isiiandike tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi, watu wasije wakaona kazi isiyokwisha. Kisha kazi yaisha, tovuti yaombewa na kuwekwa wakfu, na alama yabaki palepale. Kanisa laweza kukaa miaka likiwa limejifungia mlango kwa ndani. Mwulizeni fundi wenu juma hili.

Sababu nyingine ni mapenzi yetu ya picha. Saa za ibada, jina la mchungaji, njia ya kufika, vyote twavitia ndani ya bango zuri la rangi, tunalibandika, basi. Mtambo husoma maandishi kwa urahisi kuliko picha. Bango libaki, lakini chini yake yaandikwe maneno yaleyale kwa herufi za kawaida.

Tena kuna jina. Iko St. Stephen's ya Waanglikana hapa barabara ya Jogoo. Na ulimwenguni ziko St. Stephen's zisizohesabika. Bethel ni ngapi? Ebenezer ni ngapi? Ukurasa wa kwanza wa tovuti ukiwa na kichwa kisemacho Karibu tu, au Nyumbani, mtambo utajuaje kwamba ninyi ni wa Kariobangi? Kichwa kitaje dhehebu, jina, mtaa, na Nairobi. Kisha elezeni njia kama mnavyomweleza mgeni kwa mdomo: panda matatu namba 58 ya Buruburu, shuka steji fulani, sisi tuko mkabala wa soko, ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi. Mtu wa Eastlands haulizi nambari ya nyumba. Huuliza Mutindwa, huuliza Burma, huuliza barabara ya Rabai, na maneno hayo ndiyo atakayoandika katika simu.

Pamoja na tovuti, Google ina orodha yake ya mahali, ile inayotokea pamoja na ramani. Kanisa laweza kujiandikisha humo bila malipo, likathibitisha kwamba ni lake, likaweka simu, picha ya lango na saa za ibada. Hapa twaomba uangalifu katika saa. Fomu ile hufuata saa za kizungu. Ibada ya saa nne asubuhi huandikwa kumi. Mkiandika nne, mgeni ataambiwa kwamba mwafungua kabla ya jogoo kuwika! Na alama ya ramani iwekwe kwenye lango lenyewe, si upande wa pili wa uwanja wenye ukuta usio na mlango.

Na funguo zote hizi ziwe za kanisa. Twajua jinsi mambo yaendavyo: kijana mmoja hodari hufungua kila kitu kwa anwani yake mwenyewe, halafu apata kazi ng'ambo, na kanisa halina neno la siri. Anwani ifunguliwe kwa jina la kanisa, na wazee wawili wajue pa kuipata. Vilevile jina la tovuti, hasa yale yanayoishia kwa or.ke ambayo KENIC huyasimamia, hulipiwa kila mwaka. Mweka hazina akisahau, jina laweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na mshiriki anayetafuta mahubiri akajikuta katika matangazo ya kamari.

Sasa, daftarini mkiandikwa, nani hutajwa kwanza? Mtambo hutazama mambo mengi, na moja lafanana na desturi yetu. Mshiriki akihama kutoka Bahati kwenda Komarock, hubeba barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake. Tovuti nayo hutambulishwa na kiungo kinachotoka katika tovuti nyingine inayoaminika. Kwa hiyo ombeni dayosisi, presbiteri au makao makuu ya dhehebu lenu watie kiungo cha kanisa la mtaani. Iombeni shule ya chekechea mnayoilea, na zahanati.

Watakuja pia watu wakiahidi kwamba mkiwalipa, kanisa litakuwa la kwanza kabisa. Google yenyewe husema hakuna awezaye kuahidi hivyo, na kwamba kazi ya namna hii mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka kabla matunda hayajaonekana. Sadaka ya mjane isitumike kununua ahadi ya namna hiyo.

Kwa nini tujisumbue? Wako wanaosema kwamba Roho ndiye huwaleta watu. Amina, lakini Roho huyohuyo alimtuma Filipo akaikimbilie gari ya Mwethiopia, na Filipo alikwenda kwa miguu yake. Tena anayetafuta hatakaa bila kupata. Mwaka 2023, huko Shakahola katika kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na mahubiri ya kiongozi wa kundi lile yalikuwa yakipatikana katika YouTube kwa yeyote mwenye simu. Mtu aliyefiwa, mtu aliyeachwa, mtu asiyelala kwa madeni, huandika swali lake usiku, na hujibiwa na yeyote aliyeandika jibu. Wachungaji wetu hujibu maswali hayo kila juma, mezani ofisini. Kurasa chache tu, kwa Kiswahili cha kawaida: namna ya kumleta mtoto kwa ubatizo, matangazo ya ndoa yaanze lini, kanisa hufanya nini mshiriki akifiwa, nani wa kupigiwa simu mtu akipigwa nyumbani. Twaona hizo zina kazi kuliko historia ndefu ya kamati ya ujenzi.

Lakini kuna mambo ambayo hayafai kuonekana. Orodha ya wagonjwa wa kuombewa, pamoja na majina na maradhi, husomwa kanisani kwa upendo. Ikiwekwa katika tovuti, mtambo huiandika daftarini, na mwajiri akitafuta jina la dada yule mwaka ujao ataiona. Picha na majina ya watoto wa Shule ya Jumapili vivyo hivyo. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu, na makanisa hayakuachwa nje. Ombeeni watu kwa majina. Tovutini andikeni tu kwamba mwawaombea wagonjwa.

Mkitaka kujipima, msitumie simu ya mzee wa kanisa, maana simu yake imekwisha kumzoea na huenda ikamwonyesha anachopenda. Chukueni simu ya jirani asiyeshiriki kwenu. Andikeni mtaa wenu na neno kanisa, bila kutaja jina lenu, mtazame. Kisha andikeni neno site, nukta mbili, na anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Zitatokea kurasa zenu zilizomo katika daftari. Isipotokea hata moja, rudini kwenye kile kisanduku tulichokitaja.

Wakati wetu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaendelea na safari ya Filipo katika Matendo sura ya 8. Hadi hapo, Bwana awabariki na kuwalinda.