Kabla ya kufungua duka Kariakoo, amua nani atadaiwa

Ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi asubuhi, mabango ya maduka yanakueleza mengi, isipokuwa jambo moja: nani anadaiwa. Duka hili limeandikwa "Enterprises", linalofuata "General Supplies", na la tatu "Company Limited". Mteja wa rejareja haoni tofauti. Wanaoiona ni mwenye mzigo aliyetoa mali kauli, benki, ofisa wa kodi na, siku mambo yakiharibika, hakimu.

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaamini kwamba cheti cha jina la biashara kutoka kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kimewapa kampuni. Sivyo. Sheria ya majina ya biashara inamtaka tu mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake alisajili, ili umma ujue aliye nyuma ya bango. Mwenye jina hilo na biashara yake ni kitu kimoja mbele ya sheria. Duka likidaiwa, amedaiwa yeye, pamoja na kiwanja chake cha Mbagala na pikipiki aliyompa mdogo wake aendeshe.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kariakoo kwa sababu biashara kubwa ya pale haiendeshwi kwa fedha taslimu. Inaendeshwa kwa mali kauli. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, anapakia lori na kumpa dalali mzigo kwa ahadi ya kulipwa baada ya kuuza. Mwenye duka la jumla naye anampa muuzaji wa Morogoro katoni za bidhaa, hesabu baadaye. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, deni linapanda ngazi hadi kwa mtu mwenye kitu cha kukamatwa.

Kampuni ndiyo iliyobuniwa kuzuia deni lisipande hadi nyumbani. Kesi maarufu ilitoka Uingereza mwaka 1897. Fundi viatu wa London, Aron Salomon, aligeuza biashara yake kuwa kampuni, akamiliki karibu hisa zote, na muda si mrefu kampuni ikafilisika. Wadai walisema kampuni na Salomon ni mtu yule yule. Mahakama ya juu kabisa ya huko ikakataa: kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mwingine, mwenye madeni yake mwenyewe. Msingi huo ndio uliomo katika Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006.

Lakini ngao hiyo ina tundu, na wanaouza huduma ya kusajili makampuni hawalitaji sana. Benki inapokopesha kampuni changa huwataka wakurugenzi waweke saini ya dhamana binafsi, na mara nyingi hati ya nyumba juu yake. Kwa mkopo huo, kampuni haijamkinga mtu yeyote. Inamkinga kwa madeni mengine: ya wauza mizigo, ya mwenye ghala, ya ajali aliyosababisha dereva wa kampuni. Mfanyabiashara ambaye deni lake pekee ni la benki anaweza kulipia gharama za kampuni bila kupata kinga aliyoifuata.

Kuna pia suala la wanahisa. Sheria hiyo ya 2002 ilitaka wasiopungua wawili, ndiyo maana kampuni nyingi zina jina la mke, kaka au shemeji aliyeandikwa kutimiza idadi tu. Ukimwandika shemeji kwa hisa 50 kati ya 100, umempa nusu ya kampuni, hata kama hajawahi kukanyaga dukani. Hisa moja ingetosha.

Ubia ndio muundo wa kawaida zaidi mjini, na ndio unaoandikwa kidogo zaidi. Vijana wawili wanachanga, wanalipa kilemba cha fremu, mmoja anafuata mzigo Guangzhou na mwingine anabaki kuuza. Hakuna karatasi. Sheria ya mikataba ina majibu yake kwa watu wa namna hiyo: pasipo makubaliano mengine, faida inagawanywa sawa kwa sawa, hata kama mmoja alitoa robo tatu ya mtaji. Aidha, kila mbia anabeba madeni ya ubia, hata yale aliyoyaingia mwenzake akiwa safarini, mradi yalihusu biashara yao. Na mbia mmoja akifariki, ubia umevunjika, isipokuwa walikubaliana vinginevyo. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili, ukitaja mtaji wa kila mtu, mgao wa faida, jina lililo kwenye mkataba wa fremu na utaratibu wa kuachana, ungezuia ugomvi mwingi.

Kodi nayo inasukuma watu huku na huku. Mtu binafsi mwenye mauzo madogo hukadiriwa kodi kutokana na mauzo yake kwa mwaka. Tangu 2019 utaratibu huo unafika hadi mauzo ya shilingi milioni 100. Kampuni haimo humo. Inatakiwa kupeleka hesabu, na kodi yake ni asilimia 30 ya faida. Wenye hisa wakijigawia faida iliyobaki, gawio hukatwa tena, kwa kawaida asilimia 10. Hapa wengi hukimbia. Hata hivyo, anayekadiriwa kwa mauzo hulipa hata mwaka aliouza kwa hasara, wakati kampuni hutozwa kwa faida, ingawa ipo kodi ya mauzo kwa ile inayoonyesha hasara miaka mitatu mfululizo. Kwa mwenye faida nyembamba na mauzo makubwa, kama muuza mchele wa jumla, ni vyema mhasibu apige hesabu zote mbili kabla ya kuamua.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haiangalii muundo. Inaangalia mauzo, na kiwango cha kulazimika kujisajili kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka kuanzia Julai 2023, miezi michache baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga maduka mwezi Mei mwaka huo wakilalamikia kodi.

Wakulima wanaotaka kuuza Dar es Salaam bila dalali wana njia nyingine. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, wakulima wasiopungua 20 wanaweza kuunda chama cha msingi, ambako kila mwanachama ana kura moja bila kujali hisa zake. Katika kampuni, kwa kawaida, kura hufuata hisa. Mwenye shamba kubwa atapenda kampuni, wenye ekari mbili mbili watalala vizuri zaidi ndani ya ushirika, mradi wahudhurie mikutano.

Lipo jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza dukani: kifo. Mwenye jina la biashara akifariki, akaunti inasimama, mali inaingia kwenye mirathi, na familia hufungua shauri mahakamani ili ateuliwe msimamizi. Wakati huo kodi ya fremu inaendelea kuhesabiwa. Kampuni haifi na mwanahisa. Hisa zake ndizo zinazoingia kwenye mirathi, na mkurugenzi aliyebaki anaendelea kufungua duka asubuhi, ikiwa benki ina saini yake.

Kwa wengi, njia ya busara ni kuanza na jina la biashara, kuweka kumbukumbu za mauzo na kuhamia kampuni pale mali kauli inapozidi thamani ya kile ambacho familia inaweza kupoteza. Lakini kubadili bango hakutoshi. Kampuni ni mtu mpya: inahitaji namba yake ya mlipakodi, leseni yake kutoka Halmashauri ya Jiji, akaunti yake, na mkataba wa fremu ulioandikwa upya kwa jina lake. Madeni yaliyoingiwa kabla ya hapo yanabaki kwa mwenye jina la zamani hadi ayalipe, au mwenye mzigo akubali kwa maandishi kuidai kampuni.