Kichaa cha Mbwa Kilivyotoweka Pemba, Kikarudi, Kikatoweka Tena

Mei 2014 kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kiliushinda ugonjwa uliokuwa ukiua watu wake. Tangu 2010 watafiti walikuwa wakifuatilia matukio ya watu kung'atwa, kutoka nyumba hadi nyumba, na kusoma vinasaba vya virusi vya kichaa cha mbwa ili wajue ni mbwa gani alimwambukiza mwenzake. Waligundua minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Kufikia mwezi ule yote mitano ilikuwa imekatika. Haikukatwa kwa bunduki wala nyama yenye sumu, bali kwa wataalamu wa mifugo kuchanja mbwa wa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka.

Kisha kampeni zikasimama. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingizwa Pemba upya, tena mara mbili, vikakuta mbwa wasio na kinga. Watu wakaanza kung'atwa kama zamani, hadi chanjo ya kisiwa kizima iliporejeshwa na mlipuko huo kuzimwa Oktoba 2018.

Habari hii ina uzito wa pekee kwa sababu imetokea Pemba. Wakazi wake karibu wote ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mbwa hulala nje, hulinda shamba au banda, na wapo wasiotambulika ni wa nani. Ikiwa kazi ya kuwakamata na kuwachoma sindano iliwezekana huko, halmashauri ya bara inayodai kuwa mbwa wa kwake hawakamatiki itafute kisingizio kingine.

Kazi yenyewe ni ya vumbi na kelele. Siku moja kabla ya chanjo, tangazo hupita kwa kipaza sauti au mdomoni mwa mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi yake, chini ya mti karibu na shule au ofisi ya kijiji, mtaalamu wa mifugo hupanga boksi la baridi, sindano na daftari. Mara nyingi wanaoleta mbwa ni watoto, maana ndio wanaowajua: huyu anavuta kwa kamba ya katani, yule kambeba wake mabegani. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa maishani mwake hugoma, hubweka, hujaribu kujichomoa. Mkali hufungwa mdomo kwa kitambaa. Sindano huingia chini ya ngozi, jina la mwenye mbwa huandikwa kwenye kadi, na mnyama hutiwa alama ya rangi au kuvishwa ukanda shingoni ili wahesabuji watakaopita baadaye wajue ni wangapi waliochanjwa na wangapi waliobaki.

Hesabu hiyo ndiyo roho ya mpango mzima. Wataalamu wanataka asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe na kinga. Hapo virusi hukosa pa kuhamia. Lakini mbwa wa kijijini haishi sana, na watoto wa mbwa huzaliwa kila mara, kwa hiyo asilimia 70 ya Julai huenda isiwepo Desemba. Wenye mbwa wengi, na hata baadhi ya wachanjaji, huamini kuwa kitoto cha chini ya miezi mitatu hakifai kuchanjwa. Kinafaa, na kisipochanjwa kitakaa bila kinga mpaka gari la kampeni lirudi mwaka unaofuata, kama litarudi.

Mkoani Mara, kwenye vijiji visivyo mbali na Hifadhi ya Serengeti, lilijaribiwa jibu la tatizo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo ya mbwa haipotezi nguvu hata ikihifadhiwa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30. Basi badala ya jokofu kikatumika chombo cha udongo kinachopozwa na maji yanayogeuka mvuke kwenye kuta zake, jambo ambalo kila aliyekunywa maji ya mtungini analijua. Dawa ikiwa karibu, mtu wa hapo hapo aliyefundishwa anaweza kuchanja mwaka mzima, na kitoto cha mbwa kilichozaliwa Machi hakingoji msafara kutoka wilayani.

Miji mingi bado hupenda njia ya mkato. Malalamiko yakizidi, mbwa wanaozurura hupigwa risasi au kutegewa sumu. Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kilifanya hivyo ugonjwa ulipolipuka mwaka 2008: mbwa wengi mno waliuawa, na kichaa kikaendelea kusambaa. Sababu haijifichi. Anayeuawa huenda ndiye aliyechanjwa jana. Mwenye mbwa humficha au humhamishia kwa ndugu kijiji cha pili pamoja na virusi vyake, na aliyepoteza mlinzi huleta mwingine ambaye hajawahi kuona sindano.

Kwa aliyeng'atwa, saa za kwanza ndizo zenye maana. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila kupakwa pilipili, mafuta ya taa wala majani, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo na kuzimaliza sindano zote kwa tarehe alizopangiwa. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Hapa ndipo huduma inapovuja. Daktari humtibu aliyeng'atwa, lakini mbwa aliyemng'ata mara nyingi hana anayemuulizia. Ikiwa anapatikana, asiuawe ovyo: afungwe na kuangaliwa siku 10, na ofisa mifugo aarifiwe. Akifa au akibadilika tabia ndani ya siku hizo, ofisa anajua mtaa gani wa kuanza kuchanja, na hospitali inajua ni nani mwingine wa kutafutwa.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila Septemba 28, na sehemu nyingi huitumia kuchanja mbwa bure. Mwenye mbwa aulize ofisini kwa ofisa mifugo wa kata yake, au, kwa aliye Zanzibar, kwa sheha wake, tarehe na mahali, na siku hiyo aende na mbwa wake pamoja na vitoto vyote.