Pedeli bapa za baiskeli ya milimani: usidanganywe na mng'aro

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja akichechemea, muundi wa kulia umefungwa bendeji na suruali imeraruka. Yeye na wenzake watatu walikuwa wameondoka alfajiri, wakapanda Mazeras, wakapita Rabai, na wakati wa kurudi wakaacha lami wakashika njia ya udongo inayoteremka. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya mteremko gurudumu liliruka jiwe, mguu ukateleza juu ya pedeli, pedeli ikazunguka ikamrudia muundini. Nyuzi saba.

"Mjomba," akaniambia kabla hata ya kunywa maji, "mimi nataka zile za kufunga kiatu, kama za watu wa mashindano."

Nikamwambia alete kwanza hiyo baiskeli niione. Pedeli zilikuwa zile zile zilizokuja nayo dukani: kipande cha plastiki katikati, na ukanda mwembamba wa bati wenye meno meno kuzunguka ukingo. Plastiki imeshalainika ikawa kama sahani iliyopakwa mafuta, na lile bati ndilo lililomkata. Basi tukakaa barazani tukazungumza pedeli mpaka adhuhuri. Haya ninayoyaandika ni mazungumzo yale, kwa sababu najua wako wengi sasa hapa pwani, kuanzia Kilifi hadi Kwale, wanaopanda baiskeli za milimani, na wengi wao hufikiria pedeli mwisho kabisa.

Kwanza hilo la kufunga kiatu. Ziko pedeli zenye mtego wa chuma ndani, nacho kiatu kina kibati chini ya soli kinachoingia kwenye mtego huo kikashika. Kutoka lazima uzungushe kisigino nje. Ni nzuri kwa anayejua, lakini unanunua pedeli na viatu maalumu kwa pamoja, na siku utakapokwama juu ya kilima huku baiskeli imesimama ndipo utajua kwamba mguu haukutoka. Pedeli bapa haina mtego. Unaweka mguu, unautoa, unakanyaga chini unapotaka. Kwa anayejifunza njia za mawe, na kwa mwenye mfuko mwepesi, hiyo ndiyo yenye akili. Hata katika mashindano ya dunia ya kuteremka milima wako wanaoshindana kwa pedeli bapa, na Sam Hill wa Australia alichukua ubingwa wa dunia kwa pedeli za namna hii. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ni za watoto.

Kinachoishika mguu juu ya pedeli bapa ni meno. Sisemi ule ukingo wa bati. Nasema pini ndogo za chuma zinazochomoza juu ya uso wa pedeli, nane au kumi kila upande, zikauma soli ya kiatu. Hapa ndipo bei rahisi inapojificha. Pedeli nyingi za bei ya chini zina vinundu vilivyofinyangwa pamoja na plastiki yenyewe. Zikiwa mpya unahisi zinashika. Baada ya miezi michache ya mchanga vinundu vinasagika, na hakuna namna ya kuvirudisha. Pini za chuma zinazoingia kwa hesi unaweza kuzitoa na kutia nyingine. Mwangalie muuzaji usoni umuulize: "Hizi pini zinafunguka?" Akisitasita, geuza pedeli uangalie mwenyewe.

Na ukigeuza, angalia jambo moja zaidi. Pini nyingine zinafungwa kutoka juu, tundu la spana likiwa kwenye ncha ile ile inayogonga mawe. Ikigonga jiwe la matumbawe mara mbili, tundu limesagika na pini haitoki tena ila kwa kutobolewa na keekee. Zile zinazopenya kutoka upande wa chini zikachomoza juu ni bora, kwa sababu kichwa chake kimejificha. Hata ikipinda, unaifungua kwa nyuma. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, na muuzaji hatakutajia, lakini kwa mwenye bajeti ndiyo inayoamua kama pedeli itakaa mwaka mmoja au minne.

Nisifiche ubaya wake. Pini inayouma soli huuma na nyama. Mguu ukiteleza kwenye pedeli yenye pini ndefu, muundi utaliona jua. Ila mguu wenyewe hautelezi mara nyingi, na hapo ndipo faida ilipo. Anayeogopa avae vikinga miundi, vile vya mpira wa miguu vinatosha kuanzia.

Sasa mwili wa pedeli. Dukani utakuta za alumini zinazong'aa, nyekundu, buluu, dhahabu, na utakuta nyeusi za nailoni ambazo hazivutii hata kidogo. Vijana wote huenda kwenye alumini. Mimi kwa hapa kwetu na kwa bajeti ndogo nachagua nailoni, na sababu ninazo. Alumini nzuri, iliyochongwa kwa mashine kutoka kwenye kipande kizima, ni kitu cha maana, lakini ina bei yake. Alumini ya bei ya chini mara nyingi imemiminwa kwenye kalibu, na ya kumimina huweza kukatika ghafla pembeni ikipiga mwamba. Nailoni ngumu ikigonga jiwe huteleza juu yake, hukwaruzika, na safari inaendelea.

Kisha kuna chumvi. Aliyezaliwa Mombasa hahitaji kuhadithiwa upepo wa bahari unavyofanya madirisha ya chuma. Alumini na chuma vikikaa vimegusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini hutoa unga mweupe na viwili hivyo hushikana kama vimechomelewa. Nimeona pini za chuma zilizokwama ndani ya pedeli ya alumini kiasi kwamba fundi alizikata tu. Kwenye nailoni shida hiyo hupungua. Pini yenyewe itashika kutu, ndiyo, lakini pini ni kitu cha shilingi chache.

Upana nao uuangalie. Pedeli ya kawaida ya baiskeli ya milimani ina kama milimita 100 kwa 100, au kuzidi kidogo. Kwa wasiotembea na rula, ni karibu upana wa kiganja cha mwanamume na kidole gumba chake. Anayevaa kiatu namba 44 akipanda pedeli ndogo ya baiskeli ya mjini, mguu hulala nje ukingoni na nyayo huuma. Uso wake uwe umebonyea kidogo katikati, kama sinia, siyo kama ubao. Kiatu hukaa ndani ya bonde hilo. Ukikuta iliyotuna katikati kwa sababu ekseli imepita hapo, iwache. Na isiwe nene mno, kwani pedeli nene hugonga mawe na mizizi kwa urahisi zaidi.

Ndani ya pedeli kuna ekseli ya chuma inayozunguka juu ya goroli, au juu ya beringi zilizofungwa, au juu ya bushi. Muuzaji atakusifia beringi zilizofungwa, na ni kweli huzuia vumbi zaidi. Lakini goroli za kawaida si aibu. Fundi yeyote chini ya mwarobaini anaweza kufungua, kuosha kwa mafuta ya taa, kutia goroli mpya na grisi, na kukaza koni mpaka mchezo uishe. Beringi iliyofungwa ikichakaa inabidi uitafute ya saizi ile ile, na kama pedeli yenyewe haina jina utaitafuta mpaka uchoke.

Kuna kijipimo ambacho kimewadanganya wengi. Mnunuzi anaichapa pedeli kwa kidole, inazunguka, inazunguka, naye anatabasamu. Pedeli mpya inayozunguka bila kikomo huenda haina grisi ya kutosha, au haina mpira wa kuzuia maji. Nzuri huzunguka polepole na kusimama, kama kitu kilichojaa grisi. Kipimo cha kweli ni kushika ekseli kwa mkono mmoja na mwili wa pedeli kwa mwingine, kisha kutikisa juu chini. Ikicheza ikiwa mpya, irudishe rafuni.

Kabla ya kulipa, hakikisha hesi inaingia. Karibu baiskeli zote za milimani za watu wazima hutumia ekseli ya inchi 9/16. Baiskeli nyingi za watoto, zile ambazo mikono yote miwili ya pedeli ni chuma kimoja kilichopinda, hutumia nusu inchi. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha unaharibu.

Na hapa nina donda langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilimpelekea fundi mmoja baiskeli, jina lake na mtaa wake nauhifadhi, anibadilishie pedeli. Akaifunga ya kushoto kama anavyofunga nati yoyote, kwa kuelekea kulia. Ikakataa. Akatia nguvu. Ikaingia, na ikaingia na hesi yote ya mkono wa alumini. Pedeli ilikuwa ya mia nane, mkono wa baiskeli ulinigharimu mara nne ya hiyo.

Pedeli ya kushoto ina hesi ya kinyume. Imefanywa hivyo makusudi, ili isijifungue yenyewe unapokanyaga. Huna haja ya kukariri kulia na kushoto. Weka spana kwenye ekseli na spana ielekee juu, kisha isukume kuelekea mbele ya baiskeli. Pande zote mbili, kusukuma mbele ni kukaza, kurudisha nyuma ni kufungua. Mwisho wa ekseli utaona herufi L kwa kushoto na R kwa kulia. Anza kwa vidole mpaka izunguke mara tatu nne bila kupigana nawe, ndipo utumie spana ya 15 au ya pembe sita. Na usifunge pedeli kavu hapa pwani, hata siku moja. Pakaza grisi kwenye hesi, la sivyo mwakani chumvi itakuwa imeshaifunga moja kwa moja.

Kwa upande wa pesa, zile zinazosifiwa sana ng'ambo kwa bei ya wastani, kama Chester ya Race Face au Composite ya OneUp, zote ni za nailoni na ziliwahi kuuzwa karibu dola 50 huko, kabla ya usafiri na ushuru. Ni nzuri, lakini kwa kijana anayetegemea kibarua ni nyingi. Tulichomnunulia mpwa wangu ni nailoni nyeusi ya Kichina, pini kumi kila upande, zinafunguka, chini kidogo ya shilingi elfu tatu. Zile za alumini nyekundu alizozitamani zilikuwa elfu moja na mia tano, zinameta, na pini zake nilipozigusa mbili zilikuwa tayari zinacheza.

Nilimwambia pia, na nawaambia nyinyi, kama breki hazishiki au tairi limekuwa upara, hiyo elfu tatu iende huko kwanza. Anayeteremka kutoka Wundanyi kuja Mwatate, zile kona zote, pedeli nzuri haitamsaidia kitu ikiwa breki ni za kusali.

Viatu sikutaka kuviacha. Pini haziwezi kushika soli ngumu, na raba za kukimbilia zenye soli nene yenye mifereji huzifanya pini ziangukie kwenye mifereji. Kinachofaa ni soli bapa, ya mpira laini, isiyokunjika sana katikati. Ziko zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Five Ten, lakini nenda Kongowea asubuhi mapema marobota yanapofunguliwa, tafuta viatu vya wale wachezaji wa ubao wa magurudumu. Bonyeza soli kwa ukucha, ikiacha alama, hiyo ni laini. Champali na ndara muachieni anayekwenda dukani kununua maziwa.

Jambo la mwisho alilonibishia ni namna ya kukanyaga. Wengi tumezoea kukanyagia vidoleni. Kwenye mteremko sogeza mguu mbele kidogo, ekseli ikae nyuma ya kile kifundo cha kidole gumba, ushushe visigino, mikono ya pedeli ilale sawa na ardhi, mmoja mbele mmoja nyuma. Hivyo kila jiwe linapokurusha, mguu unasukumwa ndani ya pini badala ya kutolewa. Alibisha mpaka tulipotoka naye uwanjani na kuruka ukingo wa njia mara tano sita.

Nyuzi zimetolewa, kovu limebaki. Wiki ile ile alirudi Rabai na wenzake, safari hii wakipita mbali na misitu ya kaya kama nilivyowasisitiza, maana pale si pa kuchezea na wazee hawapendi. Kila akirudi anaimwagia baiskeli maji baridi ya ndoo, anaifuta, na mara moja kwa mwezi anapitisha spana ndogo kwenye kila pini. Mpaka sasa amepoteza tatu. Mbili amezirudisha kwa pini alizopata kwa fundi wa pikipiki, saizi ile ile, na ya tatu anasema haimsumbui, ipo pembeni.