Masahibu wa Safari na Masaibu ya Viwanja vya Ndege

Yeyote aketiye kitako katika maduka ya Mbarara, mji wa Uganda uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, hakosi kusikia Dubai na Guangzhou zikitajwa kwa wepesi, kwa maana wafanyabiashara wa hapa, wakiwamo wa Kamukuzi lilipo kasri la kale la Omugabe, mfalme wa Ankole, hupenda kufunga safari hizo watu wawili watatu, ili wagawane kodi ya chumba na wasaidiane kuchagua bidhaa katika mitaa ya Deira kule Dubai na Xiaobei kule Guangzhou. Ushirika huo ni jambo jema, lakini una kadhia zake, nazo hazidhihiriki ila pale karani wa kiwanja cha ndege anapompitisha mmoja na kumzuia mwingine.

Kadhia iliyo nzito kuliko zote ni ya hati. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo yamewakusanya Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo, na si ajabu Mganda wa Mbarara kushirikiana biashara na jirani yake wa huko. Mganda huchukua pasipoti. Mwenzake huchukua hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa kwa mujibu wa kifungu cha 28 cha Mkataba wa Geneva wa 1951. Hati hiyo ni halali kabisa, ila si kila dola huipokea, na shirika la ndege likimbeba abiria asiyeruhusiwa kuingia aendako aghalabu hutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Ndiyo sababu karani, hata akiwa mtu wa huruma, huona salama kumzuia kuliko kumpitisha. Basi mwenye hati ya namna hiyo na aulize ubalozini, apate jibu la maandishi na viza mkononi kabla ya kulipia tikiti, wala asitegemee kwamba kilichomfaa sahibu yake kitamfaa na yeye.

Majina nayo huleta taabu. Mkongomani mwenye majina matatu, au Msomali ambaye hana jina la ukoo bali jina lake, la baba na la babu, akikatiwa tikiti na rafiki aliyeyaandika kwa kukumbuka tu, huenda akazuiwa kwa kupungua jina moja. Aidha, ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano haihesabiki mpaka zipite siku 10 tangu kuchanjwa, na nchini India aliyetoka Uganda bila kadi hiyo aweza kuwekwa karantini hadi siku 6, ilhali wenziwe wanaendelea na shughuli zao sokoni.

Huko Asia kwenyewe, wengi hukata tikiti za kampuni tofauti kwa safari moja ili kuokoa fedha. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwao, kwa kuwa haikuwaahidi kuwangojea. Tena miji mingine ina viwanja viwili: Bangkok ina Suvarnabhumi na Don Mueang, Shanghai ina Pudong na Hongqiao, na mwendo baina yake kwa gari si mfupi.

Yako pia masaibu yasiyo na mkosaji. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilinyeshewa mvua ambayo mfano wake haukuonekana tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa mwaka 1949. Kiwanja cha Dubai kikafurika maji, safari zaidi ya 1,000 zikafutwa, na masanduku yapatayo 30,000 yakaachwa bila wenyewe. Sanduku likichelewa, usitoke kiwanjani kabla ya kuandikisha habari zake dawatini na kupewa stakabadhi. Na kwa taratibu za kimataifa za usafiri wa anga, lalamiko la kuharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na la kucheleweshwa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa mzigo.

Kwa ajili hiyo wako wanaoshauri marafiki wachanganye nguo zao, nusu huku na nusu kule, ili likipotea sanduku moja asibaki mtu uchi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mbele ya forodha, mwenye jina juu ya sanduku ndiye mwenye kila kilichomo, na nchini China magendo ya dawa za kulevya yaweza kuadhibiwa kwa kifo. Hata pawabenki ya mwenzako ni mzigo usio wako: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya usalama ya nchi hiyo.

Mwenye nia ya safari na amwite sahibu yake leo, wakae, wakubaliane: mmoja akizuiwa kiwanjani Entebbe, mwingine ataondoka au atabaki, na tikiti mpya italipwa kwa fedha za nani?