Magadi ya Nakuru

Atakayepanda Hyrax Hill, kile kilima cha mawe kilicho pembezoni mwa Nakuru ambako Mary Leakey alianza kufukua makaburi na zana za watu wa kale mwaka 1937, na akalitazama ziwa kwa mbali, ataona taabu kusadiki kwamba hapo asimamapo palipata kuzungukwa na maji. Lakini ndivyo wasemavyo wajuzi wa ardhi, kwamba yapata miaka 10,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi hata maziwa ya Nakuru na Elmenteita yakawa ziwa moja la maji matamu. Mvua zilipopungua, na kwa kuwa bonde lina mito ya kuingiza, Njoro na Makalia na Nderit, wala halina hata mmoja wa kutoa, jua likanywa maji likaacha chumvi, karne kwa karne, hata yakabaki maji ya magadi yatelezayo vidoleni kama sabuni. Wamaasai walipaita mahali pa vumbi, kwa ile tifutifu nyeupe ipeperukayo kila ziwa linapokauka.

Ungedhani maji hayo ni laana kwa kila kiumbe. Kumbe ndimo ustawimo mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho mpaka ujikusanye na kuyatia maji rangi ya kisamvu, nao ndio riziki ya heroe. Mtazame mmoja akila: huinamisha shingo, akaugeuza mdomo juu chini, akaupitisha kulia na kushoto, ulimi ukivuta maji na kuyasukuma nje kupitia vichujio vyembamba vya kandokando, mwani ukabaki, na humo ndimo itokamo ile rangi ya waridi. Zamani walipata kukusanyika zaidi ya milioni moja.

Samaki hawakuwapo hadi miaka ya 1950, walipoletwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Mbu wa Nakuru wangali wapo. Waliofaidi ni mwari, waliokuja kwa makundi kula perege.

Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1968, na mwaka 2011 ziwa likaingizwa katika urithi wa dunia. Mji nao, uliozaliwa na reli, ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ukanenepa hadi kwenye ua wa hifadhi, hata kifaru na matatu wakawa majirani.

Tangu yapata mwaka 2010 maji yamekuwa yakipanda: yamelifunika lango kuu la hifadhi, yakaingia majumbani mtaa wa Mwariki, na kwa kuzimuliwa hivyo magadi yakapoteza makali, mwani ukapungua, heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Nayo mitaro ya jiji humwaga humo humo, katika ziwa lisilo na pa kutolea. Ufukweni migunga imekufa wima, myeupe kama mifupa, na juu ya matawi yake mnandi huanika mbawa.