Siku za Mgeni Katika Nchi ya Kenya

Watu wa Kakamega wamezoea kupokea wageni. Kila mwaka watu hutoka nchi za mbali ili wautazame Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno na upande wa Buyangu, ambako wako ndege na vipepeo wasioonekana kwa urahisi mahali pengine katika Kenya. Baadhi yao hupita Ilesi kuliona Jiwe la Machozi, na wengine huenda Khayega kutazama mafahali wakipigana. Tena wako ndugu na jamaa watokao Uganda kuja kusalimia watu wao. Basi swali huzuka mara nyingi: Je, mgeni huyu ana ruhusa ya kukaa siku ngapi? Yafaa kila mwenyeji alijue jibu lake, maana mgeni akikosea hesabu hii aweza kushtakiwa, hata kama hakuwa na nia mbaya.

Zamani mtalii wa nchi nyingi za ng'ambo alipaswa kuwa na viza. Mpango huo uliondolewa mwezi wa Januari, 2024, na mahali pake ikawekwa idhini ya kusafiri ambayo huombwa kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Idhini hiyo ina siku 90 tangu itolewe, lakini siku hizo ni za kufika Kenya, wala si za kukaa. Siku za kukaa huanza kuhesabiwa pale mgeni anapoingia nchini, na ofisa wa uhamiaji ndiye azitoaye. Aweza kumpa mgeni siku 90, au aweza kumpa pungufu kama aonavyo inafaa kwa safari yake. Kwa hiyo lililo kuu ni muhuri uliopigwa katika pasipoti, wala si karatasi ya idhini aliyokuja nayo mgeni. Anayetaka kujua siku zake na aufungue ukurasa wenye muhuri, ausome vizuri.

Jambo la pili ni hesabu yenyewe. Siku 90 si sawa na miezi mitatu. Tuseme mgeni ameingia tarehe 1 Machi, naye amepewa siku 90. Mwenye kuhesabu kwa miezi atadhani kwamba aweza kukaa hata mwisho wa Mei. Lakini Machi ina siku 31, na Aprili ina 30, jumla 61. Zimebaki siku 29 tu. Basi ikiwa siku ya kuingia nayo imehesabiwa, na ndiyo njia ya salama, siku yake ya mwisho ni tarehe 29 Mei. Aliyekata tikiti ya ndege ya tarehe 31 amekwisha kupita kiasi.

Wageni wote hawako katika fungu moja. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kanuni za Soko la Pamoja lililoanza mwezi wa Julai, 2010, hupewa pasi bila malipo, nao waweza kukaa hata miezi sita. Mganda au Mnyarwanda aweza kuvuka kwa kitambulisho chake cha taifa, kwa mapatano yaliyoanza mwaka 2014. Hata hivyo hana budi kupita mbele ya ofisa pale Busia au Malaba. Anayepita njia za vichochoro hana pasi yo yote, na siku zake hazihesabiki.

Iko pia viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014. Hii huwa ya siku 90, na mwenye nayo aweza kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda. Yamfaa yule atakaye kuutazama msitu wetu, kisha avuke kwenda Kampala na kurudi.

Mgeni akitaka kukaa zaidi aweza kuomba aongezewe siku, ila jumla yake isizidi miezi sita. Maombi yapelekwe kabla siku za kwanza hazijaisha. Ofisi ya uhamiaji iko Kisumu, yapata kilomita 50 kutoka mji wa Kakamega, wala si lazima kwenda mpaka Nairobi.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini sheria ya uhamiaji haikubali jembe hilo. Aliyeingia kwa matembezi haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara wala biashara. Anayetaka kufundisha shuleni au kusaidia zahanati, hata kama ni kwa majuma machache, yampasa aombe pasi ya namna nyingine. Na mwenye kuuchunguza msitu kwa elimu hana budi kupata leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu.

Adhabu si ndogo. Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, anayekaa nchini bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au yote mawili.

Basi wewe unayepokea mgeni, usione haya kumwuliza habari ya pasipoti yake. Someni muhuri pamoja siku ile ile anapofika, mwandike tarehe ya mwisho mahali panapoonekana, nanyi mkumbushane juma mbili kabla yake. Kufanya hivyo si kumfukuza mgeni, bali ni kumsaidia aondoke kwa heshima, na siku nyingine apate kurudi tena.